Mama Mkwe na Bafu la Waturuki

Wifi yangu alipojifungua mtoto wake wa kwanza kule Istanbul, mama mkwe alitangaza kwamba anakwenda kumkanda. Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, alisema, na Waturuki, pamoja na mandege yao yote, jambo hilo hawawezi kulijua. Kwa kuwa yeye hakuwahi kupanda ndege, na mimi nilikuwa na pasipoti niliyoitumia kwenda Kampala kufuata vitenge vya duka langu la Mabatini, Mwanza, familia ilikaa ikaamua nimsindikize. Mimi nilipewa taarifa.

Mambo kati yangu na mama hayakuwa mabaya. Yalikuwa ya heshima tu, na heshima ikizidi watu hukaa mbalimbali. Mimi nilipojifungua, nilipasuliwa. Mama alikuja hospitali kutoka Usagara na sufuria lake na majani yake ya dawa, tayari kwa kazi. Nesi akamwambia kidonda hakiguswi na maji ya moto. Mama alinitazama kama vile nesi nimemtuma mimi, kisha akapanda gari akarudi kwake siku ileile. Tangu hapo, kila uzazi ulipotajwa mbele za watu, alisema kwa upole, "Huyu wa kwetu hakukandwa. Ni msomi." Mimi niliishia kidato cha nne.

Istanbul tulifikia kwa wifi, ghorofani. Bafu lake lilikuwa kisanduku cha kioo ambamo mtu husimama wima kama soda kwenye kreti. Mama alilichungulia, akauliza mzazi anakaa wapi wakati wa kukandwa. Wifi akamjibu taratibu kwamba hospitali walimwambia bomba la mvua linatosha. Mama hakubisha. Alikwenda kukaa dirishani na kitambaa chake kichwani, akawa anaangalia mapaa ya watu, na ikawa hivyo siku nzima na kesho yake.

Ili kuleta amani, wifi akatulipia kwenda hamamu.

"Ni bafu la zamani la wanawake, mama," alieleza. "Watu wanakwenda kuogeshwa."

"Kuogeshwa na nani?"

"Na wahudumu."

"Kwani hao watu wanaumwa nini?"

Wifi alipoingia jikoni, mama akanigeukia. "Anasema tunanuka."

"Hapana mama, ni zawadi."

"Mtu akikupa zawadi ya kuoga, maana yake ni nini?"

Nikaenda jikoni kumsaidia wifi vyombo.

Asubuhi wifi alitufikisha mlangoni akawahi kurudi kwa mtoto. Ndani tulipewa kila mmoja shuka jembamba la mistari na ndala za mbao, tukaonyeshwa chumba cha kubadilishia nguo. Kilikuwa kimoja. Katika miaka yote niliyoolewa sikuwahi kusimama mbele ya mama hata bila kitambaa kichwani, kwa hiyo alianza kuingia yeye, mimi nikabaki nje nimeshika mkoba wake. Alitoka amejifunga lile shuka juu ya gagulo, na juu ya shuka kitenge, na kilemba chake kiko palepale. Akaniomba mkoba.

Mhudumu wetu alikuwa mama mzee wa Kituruki, mnene, mwenye mvi. Alikishika kitenge cha mama kwa vidole viwili na kutikisa kichwa.

"Mwambie mimi ni mtu wa kanisani," mama alisema.

Nilimweleza kwa Kiingereza. Yeye Kiingereza hajui, na changu ni cha kununulia vitenge, kwa hiyo tulielewana haraka kwamba kitenge kinatoka, gagulo linatoka, na mkoba unabaki.

"Umemwamkia lakini?" mama aliniuliza. "Ni mtu mzima huyu."

Nikasema shikamoo. Yule mzee akajibu maneno marefu na kunipiga kidogo shavuni.

"Ameitikia," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ukalegea.

Tukaingia. Ukumbi ulikuwa wa duara, paa lake limetobolewa vitundu vingi vinavyoingiza mwanga, na katikati palikuwa na jiwe pana la marumaru linalopashwa moto kwa chini. Wanawake walilala juu yake kama samaki walioanikwa. Wengine walipita na ndala zao tu, wakipiga soga kana kwamba wamekutana sokoni.

"Yesu wangu," mama alinong'ona. "Usiangalie."

Tukaacha kuangalia, wote wawili, na ndiyo sababu hatukuona sakafu ilivyolowa. Ndala za mama ziliteleza. Alitafuta cha kushika, akapata shuka langu, akaenda nalo chini.

Hakuumia. Alikaa pale sakafuni na shuka langu mkononi, mimi nimesimama mbele yake nilivyozaliwa, nikitamani jiwe lile lipasuke linimeze. Lakini mama hakuwa akiuangalia uchi wangu. Aliangalia kovu, linaloanzia chini ya kitovu na kushuka mpaka linapoishia tumbo.

"Walikukata hivi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani ni kadogo. Kama cha jipu."

Mhudumu alikuwa ameshafika. Alimwinua, akamlaza kwenye jiwe, akavaa glovu ngumu kuliko dodoki lolote nililowahi kuliona, na kuanza kumsugua. Baada ya muda vikatoka vijiti vya kijivu vya ngozi, na yule mzee akavikusanya kiganjani akamwonyesha mama kwa fahari.

"Anasemaje?"

"Anakuonyesha uchafu, mama."

"Huo si uchafu. Mwambie avirudishe."

Alimwagiwa povu mpaka akabaki kichwa tu, naye akalivumilia kama mtu anayesubiri ibada ndefu iishe. Kisha ikawa zamu yangu. Glovu ilipita mgongoni, mikononi, mapajani. Ilipokaribia tumbo, nikasikia sauti ya mama.

"Hapo hapana."

Alikuwa ameinuka, povu linamtiririka, shuka halipo na hana habari nalo. Alimshika mhudumu mkono akaivua ile glovu. Mhudumu akaivuta. Wakaanza kuelezana, mmoja kwa Kituruki na mwingine kwa Kisukuma, kwa sababu mama akikasirika Kiswahili humwishia. Alibembeleza mtoto asiyekuwepo, akajichana tumbo kwa kidole, akaninyooshea mimi, akajipiga kifuani mwenyewe. Sijui mzee yule alielewa nini. Aliweka kiganja moyoni, akaondoka, akarudi na taulo na kata ya shaba iliyojaa maji yanayofuka moshi.

Wakanikanda. Walichovya taulo, wakalikamua, wakanigandamiza kiunoni, nyongani na mgongoni, wakipokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Mtoto wangu alikuwa darasa la tatu.

"Mama, ni ya moto."

"Ndiyo dawa yenyewe. Tulia."

Wanawake wengine walisogea kutazama. Mmoja alitoa ushauri, nadhani. Machozi yalinitoka. Ningependa kusema yalikuwa ya furaha, lakini maji yale yalikuwa ya moto kweli.

Baadaye tulikaa kwenye viti vya nje ya ukumbi, tumefungwa mataulo, tukapewa chai katika vikombe vidogo vya kioo. Mama alikunywa chake, akakiangalia, akaona kimekwisha.

"Yule nesi angenieleza vizuri," alisema.

Nikamsogezea chai yangu.

"Na wewe ungenionyesha."

"Ningekuonyeshaje, mama?"

Alifikiri. "Ni kweli," alisema. "Isingewezekana."

Tulirudi nyumbani mama akiwa na nguvu za mtu aliyelala wiki nzima, na wifi akafurahi kwamba mpango wake umefaulu. Jioni ileile mama alichemsha maji, akatafuta kigoda cha plastiki, akakiingiza katika kile kisanduku cha kioo, akamwita binti yake. Wifi alinitazama mimi nimsaidie. Nikambeba mtoto nikampeleka dirishani kuangalia mapaa.

Tuliporudi Mwanza, wanawake wa kwaya ya Usagara walikuja kumpa mama pole ya safari, nami nilikuwepo nikiwaandalia chai. Mmoja aliuliza kama ni kweli kwamba kule watu wazima wanaogeshwa.

"Ni kweli," mama alisema. "Wanasugua sana, ila kukanda hawakujua. Nimewafundisha."

"Na unavua nguo zote?"

Mama alichukua kikombe chake.

"Wengine walivua," alisema, akanielekezea kidevu. "Mimi niliwaambia ni mtu wa kanisani, wakanielewa."

Wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo, mama hakuvua, nikaongeza sukari mezani.