Siku Niliyogundua Mafuta Kwenye Kinyungu cha Mama

Jamani, aibu hii nimeificha miaka na miaka, hata mke wangu aliisikia kwa watu, na aliponiuliza nikajifanya nakohoa. Lakini leo mmenibana, haya, sikilizeni, na mwenye kucheka acheke, mimi nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ile ya hamsini, Uhuru bado, mimi nasoma chuo kikuu kule Kampala (kijiji kizima kilikuwa na msomi mmoja tu wa chuo kikuu, na msomi huyo, ndugu zangu, alijijua). Kule tulikuwa na chama chetu cha wanafunzi, Chama cha Miamba na Mafuta, wanachama saba, mwenyekiti Ambakisye, Mnyakyusa mrefu asiyependa utani, mimi Festo katibu, na mlezi wetu mwalimu Mwingereza ambaye kiko hakikumtoka mdomoni. Tulisoma jinsi mafuta yanavyojificha chini ya miamba, na kila likizo ndefu tunakwenda mahali kutazama kwa macho. Mwaka ule ilikuwa Mbeya. Wenzangu wakapiga hema Iyunga, mimi nikaomba siku chache niende kwetu Iringa kumwamkia mama.

Asubuhi ya kwanza nikashuka bondeni nimevaa koti la chuo na viatu vipya vilivyong'aa mpaka unajiona uso. Kwetu kiangazi tunalima vinyungu, yaani zile bustani za bondeni ambako udongo una maji hata mvua zikikatika, na kinyungu cha mama kilikuwa na maharage na mahindi yanayoanza kubeba. Pembeni, kwenye kidimbwi, nikaona utando juu ya maji, bluu, zambarau, rangi ya dhahabu. Moyo ukaruka paa!

Sasa, jambo la kwanza kabisa tulilofundishwa chamani, kabla hata ya majina ya mawe, ni hili: ukiona utando kama ule, uchokoe na kijiti. Ukijirudi ukaungana, hayo ni mafuta. Ukipasuka vipande vipande kama chungu kilichodondoka, hiyo ni kutu ya chuma tu, achana nayo. Vijiti vilikuwa tele. Lakini kufika kwenye kidimbwi ilibidi nikanyage tope, na viatu vyangu vile! Nikasema aah, macho yangu hayanidanganyi, nikageuza, nikapanda moja kwa moja mpaka posta mjini, nikapeleka telegramu Mbeya kwamba mafuta yameonekana kwetu, njooni na mwalimu.

Karani wa posta alikuwa mtu wa kijiji cha jirani. Sijui alipita njia gani, maana nilipofika nyumbani jumbe wetu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda cha mama.

"Kamwene," nikamsalimia.

"Kamwene," akaitika, hakuinua uso. "Mwanangu, Wazungu wakija kuchimba, sisi twende wapi?"

Lilikuwa swali la haki. Walowezi walishachukua ardhi pande mbili za kijiji, na lile bonde ndilo lililotulisha mpaka mvua zirudi. Nami nikajibu, nisameheni, nikajibu hivi: "Mzee, haya ni maendeleo."

Kesho yake wanawake wawili wenye vinyungu vya jirani wakang'oa maharage yao, mabichi hivyo hivyo, bora wayale wao kuliko kumwachia Mzungu. Mama hakung'oa kitu. Alipalilia tu, chakula ananiwekea bila kunitazama, na mimi nikaanza kukikumbuka kile kijiti.

Siku ya tatu, lori la kina Ambakisye linategemewa mchana, nikaamka alfajiri, nikavua viatu, nikaingia kwenye tope na kijiti changu. Nikachokoa. Vipande! Nikachokoa upande wa pili. Vipande! Baridi yote ile ya Iringa na mimi natoka jasho.

Hapo ningeweza kumwambia jumbe nimekosea, yakaisha, watu wakashukuru Mungu. Lakini nikaona sura ya Ambakisye ilivyo, na wenzangu walivyosafiri siku nzima nyuma ya lori, na shetani hana likizo. Nikarudi nyumbani kimya kimya, nikachukua chupa ya mama ya mafuta ya taa, nikaimimina yote kwenye kidimbwi.

Mchana bonde lilijaa watu. Mwalimu akainama na kiko chake (moshi wa tumbaku ile usingekuacha unuse hata mzoga), akachokoa, utando ukafunguka, ukajirudi, ukaungana. Akachokoa tena, ukaungana. Akanipa mkono, anacheka, anaongea Kiingereza haraka haraka.

"Anasemaje?" jumbe akaniuliza, maana mimi ndiye mkalimani.

"Anasema bonde letu ni zuri."

"Hakusema hivyo, mzee," Ambakisye akaingilia. "Amesema kesho anawaandikia wapimaji wa serikali. Na mpaka waje, ataomba watu wasilime hapa."

Mwanamke mmoja katika wale waliong'oa akajifunika uso kwa kanga. Kila mtu ananitazama mimi, na mimi najua kabisa kwamba neno langu moja linaliokoa bonde, na silitoi.

Mama akaweka jembe chini, akaingia majini, akachovya vidole, akanusa. Akanusa tena.

"Festo, haya ni mafuta yangu ya taa. Chupa nimeikuta tupu asubuhi, nikasingizia panya. Unasema mwenyewe, au niseme mimi?"

Nikasema. Nikasema kwa Kiswahili mbele ya kijiji, halafu, kwa kuwa mkalimani ndiye mimi, nikageuka nikamtafsiria mwalimu aibu yangu neno kwa neno. Kwa mara ya kwanza nikamwona ametoa kiko mdomoni. Akanusa maji, akaondoka kuelekea kwenye lori. Ambakisye akaniambia niandike barua ya kujiuzulu, na niiandike vizuri, maana ndiyo kazi yangu ya mwisho ya ukatibu. Jumbe alicheka mpaka akakaa chini, na bonde lote likacheka naye.

"Ule utando unakuja kila kiangazi," mama akaniambia lori lilipoondoka. "Ukitia mguu unapasuka. Si ungeniuliza, mwanangu?"

Likizo iliyobaki niliimaliza nimeinama, peku, nawapandia maharage upya wale wanawake wawili. Wa kwanza alipokea mbegu, akanishukuru kwa adabu, wala hakucheka. Aliniuliza tu, mpaka hizi zikomae, watoto wake wale nini? Ndiyo maana mpaka leo, nikiitwa mahali kusema neno juu ya ardhi ya watu, siketi mkutanoni kabla sijamtafuta anayeilima nikamuuliza, na wakubwa wakichoka kunisubiri, waanze bila mimi.