Mpangaji Aliyerundika

Pale ghalani walimwita Mpangaji, na watani hawakuchoka kumuuliza, "Mpangaji, utahama lini?" Miaka ishirini na miwili alikuwa akipanga magunia ya maharagwe: safu ya chini yanalala kwa urefu, inayofuata yanakingama juu yake, na kila gunia linaziba kiungo cha yale ya chini, ili yote yashikane. Vibarua wapya aliwaambia, "Kupanga si kurundika. Kilichorundikwa kinasubiri wa kumwangukia."

Asubuhi hiyo malori matatu yalikuwa yamepanga foleni mlangoni.

"Mzee, leo hatuna muda wa madoido," msimamizi alifoka. "Rundikeni tu!"

Mpangaji akabeba gunia la kwanza, akalitupa sakafuni. Wakarundika.

Kabla ya saa sita rundo liliteleza likamfunika shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi ile.

"Shemeji! Nitoe!"

Mpangaji alilivamia rundo kwa kucha. Akivuta gunia la chini, ya juu yanashuka na sauti inazidi kufifia. Ikabidi apande juu, aondoe moja moja, machozi na vumbi vikimziba macho, huku akilia, "Vumilia, ndugu yangu, vumilia!" Walipomfikia alikuwa hai, lakini uti wa mgongo ulikuwa umevunjika.

Kesho yake, pale pale ghalani, msimamizi alimletea karatasi atie sahihi. *Magunia yalipangwa na mfanyakazi huyu, yakaanguka.*

"Hayakupangwa," Mpangaji alisema. "Yalirundikwa."

"Si yote ni kuweka kimoja juu ya kingine? Unabishania neno, mzee, na kibarua chako kitaota nyasi!"

Mpangaji alichukua kalamu, akalikata neno lile na kuandika juu yake: *yalirundikwa kwa amri ya msimamizi, kwa mikono yangu.* Hata wino haukukauka, akaambiwa asirudi tena.

Akaenda moja kwa moja hospitali. Mkewe alikuwa kando ya kitanda, ameshika kikombe cha maji. Mpangaji akaeleza yote, msimamizi, karatasi, neno. Mgonjwa alisikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa darini.

"Shemeji, wakati tunarundika, ulijua yataanguka?"

Mpangaji alimtazama mkewe. Mkewe naye alikuwa akingoja jibu.

"Nilijua."

Mgonjwa hakuweza kugeuka, kwa hiyo akafumba macho.