Kwenda Hasamba na Lusia, Kutafuta Daftari la Mashairi

Nilifunga safari ya Hasamba kwa sababu ya uongo niliouandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu wa kuku, nikabandika na stempu juu. Lusia, ambaye siku hizi kwao Hispania ni mshairi wa kutoa vitabu, aliniuliza kwa barua: "Lameki, daftari langu bado unalo?" Nikamjibu lipo, limetulia, nalitunza kama yai. Nilijua Hispania ni mbali. Sikufikiria kwamba kuna ndege mpaka Lusaka na basi mpaka Nakonde, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Tunduma.

Lusia aliletwa kijijini kwetu Itaka akiwa mdogo, baba yake akiwa fundi wa kuchimba visima. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la nne. Mimi shule niliiacha darasa la sita, tena katikati ya muhula, na mwalimu wetu hakuniulizia. Lusia akimaliza hesabu alifungua daftari lake jekundu akaandika mashairi, Kihispania na Kiswahili humo humo kama makande. Jioni baba yake aliyasoma, akamwandikia maneno pembeni kwa penseli. Kazi ya visima ilipoisha waliondoka haraka, mizigo ikakosa nafasi, akaniachia daftari. "Nitunzie. Nitarudi."

Alichukua miaka zaidi ya ishirini. Sasa baba yake alikuwa amefariki. Kule kwao walitaka kuchapa mashairi ya Lusia ya utotoni, ila kwenye barua hilo alilitaja juu juu tu. Aliandika: "Barua za baba za kazi ninazo. Alichoniandikia mimi kimo kwenye daftari tu."

Saa mbili asubuhi, Tunduma. Nilimsubiri mpakani. Alivuka nywele zimeanza mvi, na wabadilisha pesa walikuwa wamemzunguka, huyu anamwita kwa Kibemba, yule kwa Kiingereza. Akawajibu wote kwa Kiswahili cha watoto wa Itaka, wakaangua kicheko. Aliponiona akasema, "Shikamoo, Lameki!"

"Marahaba, lakini usinizeeshe mbele za watu. Nimekuzidi mwaka mmoja tu."

"Daftari liko wapi?"

"Hasamba, kwa shangazi yangu."

Hapo sikudanganya sana. Nilijiambia kabla ya Vwawa nitakuwa nimeshamweleza.

Njiani tulipanda Noah ya abiria, tukakaa kiti cha nyuma. Alikuwa anachungulia dirishani kila kilima. Nikamuuliza ushairi ulimwanzaje, maana mimi pale dawatini kilichonianza ni usingizi.

"Ni wewe," akasema. "Ulikuwa hunyamazi. Nikianza kusimulia kitu unanikatiza. Nikaona kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza."

Nikacheka sana. Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema, nami nikautumia kucheka.

Saa nne, Vwawa. Tulikunywa chai. Nikakaza moyo. "Lusia, kuna jambo."

"Sema."

"Chapati za hapa ni ngumu. Chovya kwanza."

Akachovya. Jamani, kuna watu waoga, halafu kuna mimi.

Kutoka Vwawa tulichukua pikipiki mbili, tukapita katikati ya mashamba ya kahawa. Hasamba tulimkuta Shangazi Sabina ameketi mbele ya nyumba anachambua kahawa kwenye ungo. Ndiye aliyenilea nilipoacha shule. Lusia alipiga goti kumsalimia, shangazi akafurahi mpaka ungo ukamponyoka. Kisha mgeni akataja daftari.

"Daftari lipi, mama? Lile la karatasi nene? Si huyu alilichana tukabandika ukutani!" Akanigeukia. "Wewe baba, hukumwambia?"

Sikumwambia. Miaka ile, Krismasi ikikaribia, nyumba zetu za udongo tulizipamba ndani kwa karatasi. Unapika uji mzito, unapaka ukutani, unabandika. Mwaka unaofuata unabandika nyingine juu yake. Magazeti yalikuwa ya kutafuta kwa tochi, na mchungaji alikuwa anakuja kula kwetu. Shangazi hakuniomba daftari. Nililitoa mwenyewe, nikijisifu kwamba nina karatasi ya Ulaya.

Lusia hakunitazama. "Ukuta upo?" akamuuliza shangazi.

Ulikuwepo. Chumba chenyewe kilikuwa kimekuwa stoo ya mahindi. Shangazi akachemsha maji, tukahamisha magunia, tukaanza kulowesha ukuta na kubandua. Zikatoka kalenda, zikatoka karatasi za sabuni, wachezaji mpira, wagombea waliokwisha kusahaulika. Kila tabaka lilipotoka nilisema jambo la kuchekesha, na kila nikisema nilicheka peke yangu.

Saa nane tukafika chini kabisa. Uji mchwa wameupenda. Karatasi ya Lusia ilitoka kama unga, ikamwagikia viatu vyake. Kipande kizima kilichopatikana kilitosha kiganja, nacho hakikuwa na neno.

"Pole, mama," shangazi akasema. "Sisi tuliona ni karatasi."

"Ukuta ulipendeza?"

"Ulipendeza mno! Mchungaji mwenyewe alisifu."

Lusia akamshika mkono. Mimi hakunishika.

Saa kumi, tukisubiri pikipiki za kurudi, aliniuliza nikiwa nimeinamia viatu vyangu. "Unakumbuka hata mstari mmoja? Ulikuwa unayasikia kila siku."

Mimi nakumbuka jina la utani la kila mtu Itaka. Nikatafuta kichwani, nikachakura kote. Mstari hata mmoja haukuja. Kilichokuja ni siku ya wazazi, yeye amesimama mbele ya shule anasoma shairi, na mimi nyuma yake namuigiza, nimebana pua, nanyoosha shingo. Shule nzima ilicheka. Hilo nilikuwa nalikumbuka vizuri sana.

Ila kulikuwa na kitu kingine siku ile, na sikuwahi kukisema. Nikamwambia. Baba yake alisimama nyuma ya wazazi wengine, buti zina tope la kisimani. Watu wakicheka yeye hakucheka, wala hakukasirika. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti, neno kwa neno pamoja na bintiye. Shairi lote alikuwa amelishika kichwani.

Lusia akanigeukia. "Hilo ni kweli, Lameki? Au ni kama lile yai?"

"Ni kweli."

"Utaniapia?"

Nikaapa. Lakini hata mimi nilijisikia natumia sauti ile ile niliyotumia kwenye barua.

Jioni, stendi ya Vwawa, alipanda basi la Mbeya. Akafungua dirisha akasema, "Ningependa sana liwe kweli." Basi likaondoka.

Nilirudi Tunduma na Noah ya mwisho. Dereva ananijua, akadai kichekesho, nikamwambia leo sina. Nilichojifunza ninyi wenzangu mnaonijua mtakishangaa, maana nimewachekesha miaka mingi: siku ile nilikuwa na jambo moja la kweli, tena lilikuwa mali ya Lusia, nikampa, na hakuweza kulipokea kwa sababu lilitoka mdomoni mwangu.