Almasi Iliyotoka Chooni

Almasi ya mke wangu ililetwa mezani ndani ya chujio la chai.

Ilikuwa inachuruzika maji. Nyuma ya mlango wa choo, mtu aliyeitoa tumboni mwake bado alikuwa anagumia.

Kama uko mezani unakula, sukuma sahani kando kwanza. Mimi nitakusubiri.

Haya.

Mimi ni fundi wa miwani. Nasaga vioo, navikata vienee kwenye fremu, basi. Mke wangu ni mshonaji, cherehani yake iko pale pale sebuleni. Siku ya ndoa yetu nilimvisha pete ya shaba, ikamwachia duara la kijani kidoleni. Hakunung'unika hata siku moja. Lakini mimi lile duara lilinikaa rohoni.

Mwaka huu nikasema basi. Namnunulia almasi, na iwe siri.

Sasa, mke wangu ana mdogo wake wa kiume, kitinda mimba. Mama yao alifariki huyu bwana akiwa bado anatambaa, kwa hiyo aliyemlea ni mke wangu. Alimbeba mgongoni, alimwogesha, alimshika mkono kumpeleka shule. Kwake yeye yule ni mwanawe kabisa.

Shemeji alikuwa ng'ambo. Anafanya kazi kwenye duka la vito, ndivyo alivyotuambia. Alituma picha amevaa suti, kaegemea gari la watu. Kila akipiga simu, mke wangu anazima cherehani ili amsikie vizuri.

Sasa nimshirikishe nani kama si yeye?

"Shemeji, madukani utaibiwa mchana kweupe," akaniambia. "Nina mtu wangu huko huko mjini kwenu. Mawe yanamfikia moja kwa moja. Nitamwambia wewe ni damu yangu."

Sikuenda kichwa kichwa. Nilisoma, nikauliza wanaojua. Jiwe lilipumulie kama unavyofuta miwani: almasi haikai na ukungu, unapotea hapo hapo. Liweke kifudifudi juu ya gazeti: ukisoma herufi kupitia jiwe, hiyo si almasi. Kisha chukua kioo cha kukuzia uangalie kingo. Za almasi ni kali, zimenyooka. Za kioo zinalika, zinakuwa butu. Na uulize cheti cha maabara.

Kioo cha kukuzia ninacho, ndicho kinachonilisha. Nikakitia mfukoni, nikaenda.

Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Mlango ulifunguliwa na jamaa mnene wanayemwita Marashi. Jina si la bure. Marashi aliyojimwagia yalinikaba koo. Lakini chini ya marashi yale kulikuwa na harufu nyingine.

Aisee.

Sijui niielezeje. Fikiria kabichi iliyosahauliwa kwenye mfuko, pamoja na yai viza, kwenye chumba ambacho dirisha halijafunguliwa. Pangaboi lilikuwa linaizungusha tu, linakuletea, linaondoka nayo, linakuletea tena.

Marashi alikaa, akajikuna katikati ya vidole vya miguu, kisha akanipa mkono ule ule.

"Karibu, ndugu yangu. Umekuja saa nzuri. Mzigo uko njiani."

"Njiani wapi?"

Akaelekeza kidevu chooni.

Ndipo nikasikia. Mtu anagumia. "Mmmh... uuuwi... mama yangu!"

"Kuna mtu anaumwa?" nikauliza.

"Haumwi. Anajifungua." Akacheka mpaka kitambi kikatikisika. "Unadhani mawe yanapitaje mpakani? Kwenye mkoba? Kijana ameyameza. Hajala kitu cha maana, hajalala. Huyo ndiye anayekuletea pete ya mkeo."

Mate yalinijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika. Nikainuka. "Bosi, mimi hii biashara siiwezi."

"Kaa! Unataka akusikie unakataa, na yeye amefika hapo?"

Nikakaa. Mpaka leo sijui kwa nini nilikaa. Nadhani nilimwonea huruma yule wa chooni.

Kukawa na mlio mmoja mrefu wa uchungu, kisha maji yakavutwa. Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka umeshika chujio. Marashi akalipokea, akalipitisha kwenye bomba la jikoni, akaliweka mezani mbele yangu.

Wacha niseme lililonishinda. Baada ya kulichukua jiwe na kuliweka juu ya karatasi, alilikung'uta lile chujio, akarudi nalo jikoni. Akatoka na chai.

Chai yenyewe imechujwa. Haina hata jani moja.

"Kunywa, utulize moyo."

Sikuigusa. Nilijipangusa mikono kwenye suruali, nikatoa kitambaa, nikalikausha jiwe.

Lilikuwa linang'aa, sitadanganya. Nikalipumulia.

Ukungu ukakaa.

Nikasubiri. Bado upo, umetulia kama kwenye kioo cha bafuni.

"Unalipumulia la nini?" Marashi akauliza. Kicheko kilikuwa kimeisha.

"Nakagua tu."

"Mtu ametoa roho kule ndani, wewe unakagua? Huna hata haya?"

Na kweli niliona haya! Nilijiona mtu mbaya, mchoyo, nimekaa kwenye kochi napekua mateso ya mwenzangu. Lakini mkono ulishazoea kazi. Nikaliweka juu ya kipande cha gazeti. Herufi nikazisoma zote. Nikatoa kioo cha kukuzia. Kingo butu. Na katikati, kiputo cha hewa, mviringo safi, kinanitazama.

Ndugu zangu, vioo nimesaga miaka na miaka. Kiputo kama kile nakijua kama uso wangu.

"Bosi, hiki ni kioo. Cheti kiko wapi?"

"Cheti? Kitu kimetoka tumboni mwa mtu, unataka na cheti?" Akanyanyuka. "Mpigie shemeji yako umuulize mimi ni nani!"

Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo hivyo. Nikatoa simu, nikampigia shemeji yangu wa ng'ambo.

Simu ikaita chooni.

Mara ya kwanza nikadhani ni sadfa tu. Nikakata. Ikanyamaza. Nikapiga tena. Ikaita tena, kisha nikasikia mtu anahangaika kuizima.

Marashi akatazama dari.

Nilisimama, nikausukuma ule mlango.

Shemeji alikuwa amekaa juu ya mfuniko wa choo. Suruali kavaa vizuri tu, na mkanda. Sakafuni kuna ndoo ya kabichi iliyooza na mayai yaliyopasuliwa, inatoa funza. Na yeye, mkononi, ana pakiti ya biskuti.

Alikuwa anakula. Makombo yako kidevuni.

"Shemeji," akasema, akameza kwanza. "Hujambo?"

Niliitazama ndoo, nikamtazama yeye.

"Sikiliza. Huwa hawakagui. Hakuna anayekagua! Wakishasikia mtu anaumia, wanachukua jiwe na kukimbia. Sikujua utakuja na kioo chako."

Kumbe ndiyo siri yote. Harufu ndiyo ilikuwa cheti. Nani angefikiria kwamba mtu atalisingizia tumbo lake uchafu wa namna ile?

"Hukwenda ng'ambo?"

"Nitakwenda. Ndiyo natafuta nauli."

"Na dada yako? Hili jiwe lilikuwa la dada yako!"

Akapangusa makombo. "Dada asingejua tofauti. Yeye kitu chochote anashukuru."

Hapo ndipo nilipotapika. Si kwa ndoo. Kwa hayo maneno.

Niliondoka bila jiwe. Nyuma yangu alikuwa ananililia ngazini, "Usimwambie dada, shemeji! Nakuomba!"

Nilimwambia.

Mke wangu alinisikiliza mguu uko juu ya kanyagio la cherehani. Alichukua simu, akampigia, akaweka sauti ya juu nisikie.

"Haloo, dada!" Sauti imechangamka kabisa. "Huku baridi kali, ndiyo natoka kazini."

"Umevaa nguo nzito?"

"Nimevaa, dada. Usiwe na wasiwasi."

"Umekula?"

"Nimekula vizuri. Shemeji hajambo? Amerudi?"

"Yuko hapa ubavuni kwangu. Ameniambia."

Tukawa tunasikia anavyopumua.

"Njoo nyumbani uoge," mke wangu akamwambia.

Simu ikakatwa.

Hakulia. Alikwenda kunawa mikono kwa sabuni. Akarudi, akaitazama simu, akaenda kunawa tena.

"Nimembadilisha nepi yule," akasema, ananionyesha mgongo. "Nimemfuta matapishi. Alipougua tumbo nililala naye kitanda kimoja, asubuhi nafua mashuka. Sikuwahi kumwonea kinyaa. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mpaka naandika haya, hajaja.

Pete nilikuja kuinunua dukani. Jiwe dogo, lina cheti, na ndani yake kuna doa ambalo muuzaji mwenyewe alituonyesha kabla hatujauliza. Tulikwenda wawili, na aliyeshika kioo alikuwa mke wangu. Alikagua kwa nafasi yake. Yule muuzaji alimsogezea taa na kiti.

Ninachokuachia ni hiki. Ukitaka kumnunulia mwenzio almasi, pumulia, weka kwenye gazeti, angalia kingo, dai cheti, na usione haya. Mwenye jiwe la kweli hawezi kukuharakisha. Anayekutia huruma ili usiangalie, anajua utakachokiona. Na tumbo lako likikataa jambo, hata kama aliyekupeleka ni ndugu, chukua viatu vyako uondoke.