Wakili Asiyependa Wenye Kesi

Lowell Strickler aliwadharau watu kwa mpangilio, kama mtu apangavyo mashati kabatini. Chini kabisa aliwaweka mawakili wa kesi za mwanzo, wale wanaohangaika na mashahidi wanaolia na wazee wa baraza wanaosinzia. "Wapiga kelele wa sokoni," aliwaita. Juu yao kidogo, majaji walio wengi. Juu kabisa palikuwa na wakili wa rufaa, na hapakuwa na haja ya kuuliza ni yupi.

Alizaliwa Ohio, mtoto wa muuza dawa, ila hilo halikupata kuingia kwenye wasifu wake. Wasifu ulianzia chuo kikuu, ukapitia kwa jaji aliyemfunza kuandika, ukatua wizara ya sheria, Washington. Ile minara miwili ilipoangushwa kwa ndege na nchi ikashikwa na hofu, akapewa kesi za usalama wa taifa. Zilimfaa kama viatu vya kupimiwa. Ushahidi wake ni siri, mlalamikaji haonyeshwi, hakuna anayelia. Lowell alisimama, akasema, "Jambo hili ni la siri, waheshimiwa," akashinda, akaenda kula.

Asubuhi moja alikuwa mkahawani, chini ya mahakama, akimenya yai. Meza zote zilijaa. Mtu mnene, suti imembana mabega, akaomba kiti.

"Bwana, na wewe una kesi leo?"

"Ninayo."

"Mimi mambo haya mageni. Hivi wataniita nieleze?"

Lowell akachekea puani. "Kwenye rufaa hakuna wa kueleza. Huku tunajadili sheria. Watu tumewaacha kule chini."

"Na mwenye kesi je?"

"Mwenye kesi abaki kwake. Akija anajaza kiti tu, amekodoa macho kama mbuzi mnadani, haambulii neno."

Yule mtu akamaliza kutafuna, taratibu. "Basi mbuzi mwenyewe ndiye mimi," akasema, akanyoosha mkono. "Nabil Haddous. Naoka mikate Dearborn. Wamenikataza kupanda ndege na hawasemi kwa nini. Mama kazikwa Beirut, sikumwona."

Mkono ukabaki hewani. "Siruhusiwi kuzungumza na wewe," Lowell akasema, akainuka na yai lake. "Mimi ni wakili wa serikali."

"Mbona umeshazungumza, bwana? Tena umetiririka."

Siku hiyo Lowell alijadili vizuri kuliko siku zote, na hakugeuka kutazama viti vya nyuma hata mara moja. Majaji wawili wakamkubalia, mmoja akakataa. Nabil akakata rufaa tena, na Mahakama ya Juu ikakubali kumsikiliza.

Hapo ndipo Lowell alipopoteza usingizi kwa furaha. Maisha yake yote alingoja kusimama mbele ya majaji tisa. Akaenda kwa fundi, akapimwa lile koti refu lenye mkia ambalo mawakili wa serikali huvaa huko, akajitazama kiooni hadi fundi akakohoa.

Koti lilipokuwa tayari, Rosalind Petrakis akaingia ofisini kwake. Rosalind ndiye aliyekuwa akimsahihishia hoja kwa miaka mingi, naye Lowell alimweka kwenye rafu ya katikati.

"Kesi imekufa," Rosalind akasema. "Wakubwa wamelifuta jina kwenye orodha ya waliozuiwa kupanda ndege. Anaruhusiwa kuruka hata leo, kwa hiyo hakuna tena cha kuamuliwa."

"Jina la nani?"

"La Haddous."

"Haddous ni nani?"

Rosalind akamtazama kama kitu kilichonasa kwenye soli. "Mwoka mikate, Lowell. Uliyemwita mbuzi. Ulitusimulia mwenyewe, ukacheka peke yako."

"Hawawezi! Kesi yangu hiyo!"

"Yako? Wewe ndiye uliyezuiwa kupanda ndege?"

"Huelewi maana ya jambo lenyewe. Hukuwahi kuelewa."

"Naelewa wameogopa kuulizwa kwa nini walimzuia. Hata wewe hujui. Hukuwahi kuuliza."

Kweli hakuwahi. Jalada lilikuwa limepita mezani kwake, naye alisoma kurasa zilizomtosha kushinda.

Mwaka huo akaacha wizara, akahamia kampuni ya mawakili yenye zulia zito, inayotetea watengenezaji wa mitambo ya kupelelezea watu. Wasifu mpya ukamwita bingwa wa rufaa na usalama wa taifa. Siku ya kumuaga wizarani ililetwa keki, na waliokuja walikula wima, macho mlangoni. Yeye alihutubia muda mrefu kuhusu kesi ambayo ingebadilisha sheria ya nchi, laiti isingevurugwa na watu wadogo.