Michembe Haihesabiki

Programu yenyewe si ngumu. Sijamwona aliyeshindwa kuielewa nikimpa dakika tano. Bakteria wa tumboni wanakula tulichokula, kisha wanatoa kemikali zao. Unaipa kompyuta orodha mbili, ya bakteria waliomo na ya kemikali zilizopatikana, nayo inakuchorea mistari: huyu na hii, yule na ile. Mstari mnene maana yake wameonekana pamoja mara nyingi. Haisemi zaidi ya hapo. Waliosema zaidi ni sisi watafiti, ofisini Nyamagana.

Safari hiyo mistari minene kuliko yote ilitoka kwa watu walioandikwa "hajala" kwenye dodoso, wote wa kijiji kimoja cha Misungwi. Bakteria wao walichangamka utadhani wako harusini. Mkuu wetu, daktari wa makaratasi, akatangaza kwamba matumbo ya kule yanajitengenezea chakula. Kwenye ripoti akaongeza sentensi moja: kijiji hicho kinaweza kuondolewa kwenye mgao wa unga. Wafadhili walikuwa wanakuja kuisikiliza Ijumaa.

Alhamisi nilikwenda kijijini. Mama mmoja kati ya wale wa "hajala" nilimkuta uani, anatafuna. Nikamwamkia, nikamkumbusha siku ya dodoso.

"Mama, kweli siku ile hukula?"

"Sikula, mwanangu. Ugali tulikuwa hatujauona siku ya pili."

"Na hicho unachotafuna?"

Akafungua kiganja: vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani. "Hii michembe. Siku ile tulikuwa nayo, na maziwa. Lakini wewe uliuliza kula, hukuuliza kutafuna."

Swali lile nililitunga mimi, Msukuma, niliyelelewa na bibi aliyeweza kumaliza bakuli zima la michembe na bado akalalamika kwamba anashinda njaa. Kusoma kunasahaulisha mengi.

Nilirudi nikamweleza mkuu taratibu, kama ninavyomweleza yeyote: viazi na maziwa, kwa bakteria, ndiyo harusi yenyewe. Akauliza kama programu imetudanganya.

"Hapana, daktari. Sisi ndio tulioidanganya."

Akaniomba tulinyamazie jambo hilo mpaka wageni waondoke. Nikavuta kiti, nikamwambia sina haraka, nitakaa hapo mpaka sentensi ya unga itoke. Akaifuta herufi moja moja, huku akinung'unika kwamba wanakijiji wale hawatoi ushirikiano.