Kibibi na Boksi la Friji

Mtaani walimwita Fundi tu, maana wa friji alikuwa yeye peke yake. Karakana yake ilikuwa ua wa nyumba aliyokaa: friji mbovu zimeegemezwa ukutani, mitungi ya gesi iko chini ya bati, vipande vya bomba la shaba vinaning'inia kwenye misumari. Alikuwa mtu wa kukaa kimya nusu siku akisikiliza mota inavyounguruma, na kwa sauti hiyo peke yake akajua ugonjwa uko wapi. Kucheza na watoto ndiko asikokujua. Kila sikukuu mkewe ndiye aliyeshika usukani. Yeye alikula, akalala, akaamshwa jioni.

Mwaka huo mkewe, ambaye alikuwa mkunga, alipangiwa zamu asubuhi ya sikukuu yenyewe.

"Mambo ya bembea za kulipia mwaka huu hayapo," alimwambia huku akifunga vifungo vya sare. "Wala usiwadanganye kwamba tutakwenda. Cheza nao. Karatasi za rangi zipo, gundi ya unga nimeshakoroga, na maboksi unayo ya kumwaga. Mchana nitakuwa nimerudi."

"Nicheze nao mchezo gani?"

"Wewe anza tu, watakufundisha." Alifika mlangoni akageuka. "Na Kibibi usimwondolee macho. Yule ana miguu ya panya."

Watoto walikuwa watatu. Mkubwa, msichana wa miaka tisa, aliitwa Mwalimu kwa sababu hakuna aliyefungua kinywa mbele yake asisahihishwe. Wa kati alikuwa Injini, mvulana asiyeweza kutembea bila kuunguruma. Kitinda mimba ndiye Kibibi, wa miaka minne, aliyepewa jina hilo kwa kuwa alitembea amefunga mikono mgongoni kama mama mwenye nyumba anayekagua vyumba. Na barazani, kwenye kiti cha plastiki, alikaa bibi yao mzaa mama, aliyekuja kula sikukuu na wajukuu.

"Mwanangu yuko kazini," bibi alisema, kama anayejisemea lakini kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu, "na mwanamume mzima amekaa chini anakata karatasi."

Fundi aliendelea kukata. Alishazoea kwamba mama mkwe wake hamwambii kitu usoni. Humwambia kupitia hewani. Alitengeneza mataji matatu ya karatasi, moja likawa kubwa mno likamshukia Injini mpaka shingoni. Wakaunganisha pete za karatasi zikawa mnyororo mrefu, wakautundika kwenye kamba ya nguo. Kisha Mwalimu akatoa wazo la gari. Fundi alivuta boksi kubwa la friji mpya, akalichorea magurudumu na taa kwa mkaa, akawapakia na kuwasukuma ua mzima huku Injini akitoa sauti ya gia. Walipiga kona, wakagonga mtungi, wakalia kwa kicheko. Fundi alitokwa jasho na akajikuta anacheka mwenyewe. Hata bibi alijifunika mdomo kwa ncha ya khanga.

Boksi likachanika ubavu. Fundi alilikunja vifuniko, akalibeba mpaka nje ya geti na kuliweka palepale alipoyaweka yote yasiyofaa, ili Maboksi alichukue. Maboksi alikuwa mwanamume aliyepita na mkokoteni kila mara kuokota makatoni ya kuuza. Mara nyingine Fundi alimwachia na vyuma chakavu ndani yake, kwa hiari tu. Alirudi ndani akiitwa na sauti mbili kwa pamoja, na geti akalisukuma kwa kisigino bila kulitazama.

"Sasa kujificha!" alisema Mwalimu. "Baba anatafuta." Kisha akamwinamia mdogo wake. "Na wewe, kila siku unajitoa kwa kucheka. Leo ukicheka hatukuchezeshi tena. Umesikia?"

Kibibi aliitikia kwa kichwa, amefunga mikono mgongoni.

Fundi aliinamia ukuta akahesabu kwa sauti. Injini alikutwa mara moja nyuma ya mitungi, maana alikuwa anaunguruma. Mwalimu alikutwa chini ya kitanda, akalalamika kwamba baba ameibia, amechungulia. Wakabaki kumtafuta Kibibi.

Mwanzoni ilikuwa raha. "Leo kajificha kweli!" Fundi alisema. Walitazama nyuma ya pazia, ndani ya kabati, chooni, jikoni chini ya meza. Wakarudia. Kicheko kikapungua. Fundi akasimama katikati ya ua.

"Kibibi! Tumeshindwa! Umeshinda, toka!"

Akazunguka ua mzima.

"Kibibi, toka, mchezo umekwisha!"

Hapo ndipo macho yake yalipoangukia friji iliyoletwa jana jioni. Ilikuwa ya zamani sana, ya zile zenye komeo la chuma kwa nje. Ukishajifunga mlango wake, aliye ndani hata asukume vipi haufunguki. Fundi hakuwahi kuacha friji mbovu ilale uani na mlango wake. Kabla ya kitu chochote alikuwa akiufungua bawaba, akaulaza kando. Lakini jana alikuwa na haraka ya kwenda kutafuta karatasi za rangi kabla duka halijafungwa.

Komeo lilikuwa limefungwa.

Bibi aliuona uso wake akainuka kitini. Fundi alifika pale kwa hatua asizozikumbuka, akashika komeo, na mkono ukagoma. Vidole vilikuwa pale, chuma kilikuwa pale, lakini nguvu ya kuvuta haikuja. Nyuma yake Injini alikuwa amenyamaza kabisa, na unyamavu huo ndio uliomtisha zaidi. Akavuta. Mlango ukafunguka na harufu ya ukungu ikampiga usoni. Rafu zote zilikuwa mahali pake. Hapakuwa na mtu.

Alipiga magoti, akashindwa kuinuka.

"Baba, simama," bibi alisema. Mara hii hakupitishia hewani. "Geti liko wazi."

Fundi alitoka nje. Barabara ilikuwa nyeupe kwa jua. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akatazama chini pale alipoliweka boksi. Palikuwa patupu.

Ng'ambo ya barabara msusi alikuwa mlangoni kwake, anamsuka mteja wa mwisho wa sikukuu. "Unamtafuta Maboksi?" aliuliza. "Kapita sasa hivi, kaelekea kule chini. Nimemtania, leo sikukuu na wewe mzigo? Akasema boksi lako la leo zito, lazima umemwekea vyuma, akalipakia bila kulifungua."

Fundi alimtazama kama hajaelewa lugha. Kisha akaelewa yote kwa mpigo. Kibibi alikuwa amerudi kwenye gari lake. Na Maboksi, kabla ya kufunga mzigo kamba, huyalaza chini makatoni makubwa na kuyarukia kwa miguu miwili mpaka yanakuwa bapa. Fundi alikuwa amemwona akifanya hivyo mbele ya geti lake mara nyingi, na mara nyingine alikuwa amesimama pale wakipiga soga.

Nyuma alimsikia bibi: "Njooni hapa nyote wawili. Mnishike nguo. Hakuna anayesogea." Fundi alikuwa ameshaanza kukimbia. Kandambili moja ilimtoka, akaiacha.

Aliusikia umati kabla hajauona. Barabara ilipopinda, watu walikuwa wameziba njia, na makatoni yalikuwa yametapakaa. Katikati Maboksi alikuwa ameshikwa ukosi na watu wawili, damu inamtiririka kutoka kwenye paji la uso. Mwanamume mwenye kifua kipana alisimama mbele yake na nondo mkononi.

"Mtoto kwenye boksi! Unawapeleka wapi watoto wa watu?"

"Sikujua! Wallahi sikujua!"

Pembeni, kiunoni kwa mama asiyemfahamu, alikuwa Kibibi, taji limemwangukia shingoni, analia kwa kwikwi. Fundi alinyoosha mikono. Yule mama akarudi nyuma.

"Na wewe ni nani?"

"Baba yake!"

"Kila mtu atasema ni baba yake."

"Baba!" Kibibi alipiga kelele, akajitupa kwa nguvu hivi kwamba nusura wote waanguke. Fundi alimdaka. Alimpapasa kichwa, mgongo, miguu. Mzima. Akauficha uso wake shingoni kwa mtoto, na kwa muda mfupi hakujali kitu kingine chochote duniani.

"Haya," alisema mwenye nondo, "chukua mwanao uende. Huyu tuachie sisi."

"Fundi," Maboksi aliita. "Fundi, waambie. Nakuomba."

Njia ya kurudi nyumbani ilikuwa wazi. Watu walikuwa wamempisha kwa heshima. Fundi alikuwa amembana mtoto kifuani, na kila kitu mwilini kilimwambia aondoke. Akageuka, akapenya katikati yao, akasimama kati ya Maboksi na nondo.

"Huyu hakuiba mtoto. Boksi nililiweka nje mimi. Geti nililiacha wazi mimi. Kama mnataka wa kupiga, nipigeni mimi."

"Unamtetea? Au mmepanga pamoja?" mtu aliuliza kutoka nyuma. Jiwe likapita karibu na sikio lake, likagonga mkokoteni. Kibibi akashtuka. Yule mama aliyekuwa amembeba akapiga ukelele, "Ana mtoto! Mnatupa mawe, ana mtoto!"

Fundi hakujua kuongea mbele ya watu. Alichoweza ni kumwuliza Kibibi, taratibu, kama wako wawili tu: "Mama, uliingia mwenyewe kwenye boksi?"

Kibibi alivuta kamasi. "Nilijificha."

"Kisha?"

"Kisha gari likatembea. Nikajua ni baba anasukuma." Akafikiri kidogo. "Sikucheka hata kidogo."

Mwenye nondo alimtazama mtoto, akamtazama Maboksi, akaishusha nondo polepole kama kitu kilichomzidi uzito. "Angalieni watoto wenu," alinung'unika, akaondoka bila kuomba radhi. Wengine wakaanza kukumbuka kwamba ilikuwa sikukuu na walikuwa na safari zao.

Fundi na Maboksi waliokota makatoni. Walipomaliza, Maboksi hakuinua mkokoteni.

"Nitangulie au nikufuate?" aliuliza, macho yake kwenye vichochoro.

"Tutakwenda sambamba."

Mkewe alikuwa ameshafika, amesimama getini na sare yake, watoto wawili wamemshika huku na huku. Bibi alikuwa amemweleza. Alimpokea Kibibi, akampima kwa mikono kuanzia utosini hadi nyayoni kama anavyowapima wanaozaliwa mikononi mwake, na mumewe hakumtupia hata jicho. Ndipo alipoliona paji la uso la Maboksi.

"Kaa hapo."

Bibi alimvutia Maboksi kile kiti chake cha plastiki. Mkunga alichemsha maji, akaanza kumsafisha jeraha. Maboksi alikunja uso, lakini alitulia.

"Ulikuwa unataka kulirukia boksi?" mkunga aliuliza.

"Nilidhani vyuma vimekaa upande mmoja, nikataka kubana upande mwingine, nilikuwa nimeinua mguu," Maboksi alijibu. "Nikasikia kitu kinanong'ona, 'Baba, umeniona?' Nikadhani nimerukwa na akili. Kufungua, nakuta macho. Yeye kuniona siye baba yake, akapiga yowe. Watu wakaja."

Mkono wa mkunga ulisimama hewani na pamba. Kisha ukaendelea.

Walikula wote pamoja barazani, Maboksi akiwa na bandeji kubwa ambayo Injini aliionea wivu mpaka akafungiwa ya kwake ya karatasi. Mwalimu hakula. Fundi alimfuata nyuma ya nyumba, akamkuta ameketi chini na magoti kidevuni.

"Mimi ndiye niliyemwambia asicheke," alisema.

"Na mimi ndiye niliyeacha geti." Fundi alikaa chini kando yake, kwenye vumbi, na suruali yake ya sikukuu. "Wewe ulikuwa unacheza. Mwenye kazi ya kuangalia alikuwa mimi."

Msichana alilia, na baba yake, ambaye hakujua la kufanya, alikaa tu pale mpaka akanyamaza.

Maboksi alipoaga, mkunga alikuja kusimama karibu na mumewe getini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemesha tangu arudi.

"Sikukuu ijayo zamu sichukui."

"Chukua," Fundi alisema. "Nitakaa nao."

Mkunga alimtazama. Ndani Injini aliita kwamba gundi imemwagika, naye Fundi akaenda.